Mji wa Farasi Nilioujua kwa Simu

Sijawahi kufika Lexington, Kentucky. Naanza na hilo kwa sababu kuna mtu niliwahi kumwambia kwamba nimeishi huko miaka minne, tena nilimwambia huku namwangalia usoni. Mimi nimezaliwa Machame, nikaja Dar nikiwa na miaka kumi na tisa kufanya kazi kwenye duka la mjomba, na tangu hapo nipo Kariakoo nauza zipu, vifungo, lasi na uzi wa cherehani. Safari yangu ya mbali kuliko zote ni Nairobi, siku mbili, kufuata mzigo.

Lakini mji ule naujua. Najua kwamba ndege ikikaribia kutua unaona uzio kabla hujaona nyumba: mbao ndefu zilizopigwa rangi nyeusi, nyingine nyeupe, zinapanda vilima na kushuka, zinayagawa majani mabichi kila upande. Najua uwanja wa ndege umepakana na mashamba ya farasi, na ukitoka nje ya geti huuoni mji. Unawaona farasi wanakula majani, na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, nyingine zilijengwa na watumwa. Watu wa huko wanasema majani yao ni ya buluu. Si ya buluu, ni ya kijani kama ya kwetu Machame. Chini ya udongo kuna mwamba wa chokaa, maji yanapita humo, majani yanainywa ile chokaa, farasi wanayala majani, na ndiyo maana, wanasema, farasi wa huko wana mifupa migumu kuliko farasi wengine. Mji wenyewe si mkubwa. Watu wake wote ungewaingiza wilaya ya Ilala na nafasi ingebaki.

Haya yote alinifundisha mke wangu kwa simu, kila Jumapili, kwa miaka sita. Alikuwa ananiandaa.

Mke wangu alikuwa fundi wa nguo za harusi. Chumba chake cha kushonea kilikuwa Ilala, nyuma ya stendi. Mara ya kwanza kumwona alikuja dukani na zipu mkononi, akaitupa kwenye kaunta.

"Kaka, zipu zako zimeniaibisha. Bibi harusi kakwama nayo mgongoni, kanisa zima linasubiri."

"Pole sana dada. Ngoja nikubadilishie."

"Utanibadilishia na roho yangu iliyotaka kutoka pale?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alicheka wiki iliyofuata, aliporudi kuchukua lasi. Mwaka uliofuata tulifunga ndoa, gauni alijishonea mwenyewe, na kabla hatujamaliza mwaka mwingine tukapata binti.

Bahati nasibu ya grinkadi, ile ya viza za kwenda kuishi Marekani, aliijaza yeye. Mimi niliona anapoteza muda. Alinivuta mkono mpaka kwenye steshenari moja Mtaa wa Uhuru, tukapigwa picha watatu, mmoja mmoja, mtoto akilia kwa sababu alikatazwa kucheka. Nikasahau. Miezi mingi baadaye alikuja dukani anakimbia, hana mkoba, hana kilemba, akasimama mbele ya wateja akashindwa kusema. Mama mmoja mkazi wa mtaa wa Gerezani, mwenye duka la khanga ubavuni mwangu, alidhani ni msiba. Akatoka na khanga mkononi kuja kumfunika.

"Amekufa nani, mwanangu?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Tumechaguliwa. Tunaenda Marekani."

Wakati ule nilikuwa na kikohozi. Nilikuwa nacho tangu masika. Mke wangu aliniambia mara tatu niende nikapime, na mara zote tatu nilimjibu kwamba ni vumbi la maboksi. Nilikunywa dawa ya chupa. Nilipungua, nikakaza mkanda tundu moja zaidi. Nimekifikiria kipindi kile kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Kutoka dukani kwangu mpaka kituo cha afya ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Ningeenda asubuhi moja tu, ningeanza dawa mapema, na zingeisha kabla hatujaitwa.

Tulipoitwa kupimwa afya kwa ajili ya viza ulikuwa mwezi wa sita wa mwaka uliofuata. Daktari aliishika eksirei yangu juu ya taa kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mpole. Akaniuliza nakohoa tangu lini, na mke wangu akajibu kabla yangu: "Tangu masika ya mwaka jana." Walichukua makohozi, wakayaotesha maabara waone vijidudu, tukasubiri. Ilikuwa kifua kikuu. Dozi ni miezi sita, na viza za mwaka ule zilikuwa zinafungwa mwisho wa mwezi wa tisa. Asiyechukua yake kabla ya hapo, bahati yake imekufa. Mke wangu na mtoto walikuwa salama. Mimi sikuruhusiwa.

Usiku ule tulikaa kitandani na mtoto amelala katikati yetu.

"Basi hatuendi," mke wangu alisema.

"Nendeni," nikamwambia. "Ukishakuwa mkazi utaniombea mimi kama mumeo. Miaka miwili tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Sikuwa na hakika na kitu chochote. Niliona aibu, na nilitaka aibu ile iishe haraka. Hakunilaumu. Angenilaumu labda ningemwambia ukweli, kwamba naogopa.

Siku ya safari nilivaa barakoa. Nilikuwa nimeshameza dawa wiki za kutosha na daktari alisema siambukizi tena, na mke wangu alinisihi pale uwanjani: "Ivue, mtoto akuone." Sikuivua. Nilimkumbatia binti yangu wa miaka mitano nikiwa nimegeuza uso pembeni. Aliniuliza kwa nini nimejifunga mdomo, nikamwambia nina mafua. Walipita mlango wa ukaguzi, mke wangu akageuka mara mbili, mtoto hakugeuka kwa sababu alikuwa anaangalia masanduku yanavyomezwa na mashine.

Dozi niliimaliza na nikapona kabisa.

Simu zilianza. Tulikubaliana Jumapili saa tisa alasiri, kwao ndiyo kwanza asubuhi kabla ya ibada. Jumapili Kariakoo inapumua kidogo, maduka mengi yanafungwa, wenye mikokoteni wanalala juu ya mikokoteni yao. Nilikuwa nafungua mlango nusu, nakaa ndani kwenye maboksi, nasubiri.

Majira ya baridi ya kwanza alilia kila tulipozungumza. Halafu akapata kazi, na ilikuwa kazi ambayo hakuna fundi wa Ilala aliyewahi kuiota. Alikuwa anashona mablanketi ya farasi.

"Farasi anavaa blanketi?"

"Anavaa, tena si moja. Ana la mvua, ana la baridi ya kawaida, ana la baridi kali. Yana vishikizo vya chuma, yana mikanda ya kupita chini ya tumbo. Wanayachana wakijikuna kwenye uzio. Yanaletwa malori kwa malori, yana tope, yana mavi, yanafuliwa kwanza kwenye mashine kubwa kama chumba chetu, halafu mimi nashona palipochanika."

"Na jina la farasi limedariziwa?"

"Limedariziwa, kwa uzi mzuri kuliko huo wako."

Tulicheka sana siku ile. Nilimwambia mama wa khanga, naye akaniomba nirudie, akagonga mapaja yake. "Loh! Mnyama ana nguo tatu, na sisi hapa tunagawana shuka."

Baada ya hapo kila Jumapili alinipa kipande cha mji. Alinielekeza barabara inayouzunguka mji wote, ili nisije nikapotea nikifika: ukiifuata kwa muda wa kutosha lazima urudi ulipoanzia. Alinieleza barabara nyingine kubwa iliyopewa jina la farasi aliyekufa zamani, ambaye kaburi lake lina sanamu na watu wanalitembelea na watoto. Alinieleza mnada ambapo farasi mchanga anaweza kununuliwa kwa thamani ya ghorofa zima la Kariakoo. Alinieleza mashindano ya mbio, mara moja majira ya kuchipua na mara moja majani yanapopukutika, wanawake wakiwa na kofia kubwa kuliko sinia. Siku ya mpira wa kikapu wa chuo kikuu mji mzima unavaa buluu, hata wazee, hata mbwa. Mabasi yote yanakutana kituo kimoja katikati ya mji, na ukikosa lako unasubiri mpaka uchoke. Alinifundisha vituo. Nilichana boksi la zipu nikaanza kuchora ramani kwa kalamu, na kila wiki niliongeza mstari. Niliibandika ukutani juu ya rafu ya vifungo.

Wateja waliuliza. Niliwaeleza. Nilikuwa mtu mwenye mji mwingine, na hiyo ilinipa nguvu ya kuvumilia miaka miwili ilipopita, na mwaka wa tatu ulipoingia. Faili la maombi, mke wangu alisema, lilikuwa kwenye foleni. Foleni ilikuwa inasogea.

Mwaka wa nne alikuja fundi mmoja wa Ilala, mteja wangu wa siku nyingi, amemshika mkono binti yake. Binti alikuwa amepata nafasi ya kusoma chuo kwenye mji uleule. Mama mtu alikuwa na hofu na furaha pamoja.

"Kaka, wewe unapajua. Nisaidie huyu mtoto. Asiende kama kipofu."

Binti akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo," nikamwitikia, nikamvutia stuli. Nilisema naye karibu saa mbili nzima. Nilimwambia avae nini mwezi wa kumi na avae nini mwezi wa kwanza. Nilimwonyesha kwenye boksi lile kituo cha mabasi kilipo, na upande gani chuo, na kwamba akienda kutembea mashambani asinyooshe mkono kumshika farasi asiyemjua, kwa sababu wanauma. Nilimwambia kuna Wakongo wengi sana, wakimbizi waliopelekwa huko, na kwamba dukani na kanisani atakisikia Kiswahili, atashangaa. Binti alikuwa anaandika kwenye daftari. Halafu akainua kichwa.

"Mzee, wewe uliishi kule miaka mingapi?"

"Minne," nikasema.

Hakuna aliyenilazimisha. Ulikuwa mwaka wa nne wa mke wangu kule, na neno lilitoka kana kwamba ni langu. Mama mtu akanishukuru mpaka akanishika mikono yote miwili. Walipoondoka mama wa khanga, aliyekuwa amekaa mlangoni kwake akisikia kila kitu, alinitazama bila kunicheka.

"Umemdanganya mtoto wa watu."

"Nimemwambia mambo ya kweli, mama."

"Ya kweli, ndiyo. Lakini hayakuwa ya kwako kuyasema hivyo." Akakunja khanga iliyokuwa magotini. "Mwanangu, unaumwa wewe. Na si kifua."

Nilirudi ndani nikapanga vifungo ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa.

Binti yangu alikuwa anakua ndani ya simu. Mwanzoni alikuwa ananisimulia kwa Kiswahili chetu cha hapa, cha haraka, anameza maneno kama watoto wa Ilala. Kisha Kiingereza kikaanza kuingia, na hilo nilikuwa nalitarajia. Nilichoshindwa kukielewa ni kitu kingine. Alianza kusema "muzuri". Alianza kusema "iko baridi mingi". Nilimuuliza kama amekula, akajibu, "Niko nakula." Nilimwambia mke wangu kwa utani kwamba mtoto amekuwa Mkongo, na mke wangu akasema ni kanisani, watoto wenzake wote ni wa huko, lugha inaambukiza. Ilikuwa sababu nzuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaeleza watu habari ya Wakongo.

Mwaka wa sita, Jumapili moja, mtoto alikuwa ananionyesha mchoro wake wa shule kwenye kamera. Mlango ukafunguka nyuma yake. Sikuona mtu, niliona mwanga tu umebadilika ukutani. Sauti ya mwanaume ikauliza kitu. Binti yangu hakugeuka hata kidogo, aliinua tu kiganja kama mtu anavyomzuia aliyemzoea, akasema:

"Papa, ngoja, niko naongea na baba."

Kisha akashusha kiganja. Alikuwa na miaka kumi na moja, alielewa. Niliona uso wake unavyojikunja. Nikamwambia mchoro ni mzuri sana, hasa miguu ya farasi. Nikamwambia amwite mama yake.

Mke wangu alikuja kwenye simu na kuifunga kamera. Nilisikia anapumua.

"Ni nani?"

"Ni mtu wa Bukavu. Anafanya kazi mazizini, anatembeza farasi. Mkewe alifia kambini."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili." Akaanza kulia, lakini kulia kwa mtu aliyekwisha kulia sana nyuma, hakukuwa na nguvu. "Baba, kulikuwa na barafu, mabasi yalisimama, alikuwa ananipeleka kazini. Ilianza hivyo. Sikutaka. Nilichoka kumsubiri mtu."

"Na faili?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Nililisimamisha mwaka jana."

Mwaka mzima! Mwaka mzima baada ya kulisimamisha alikuwa bado ananipigia na kunieleza mji. Wiki mbili tu kabla ya siku ile alikuwa ameniambia habari ya bustani iliyo katikati ya mji, yenye sanamu za farasi wa shaba wanaokimbia juu ya maji, na kwamba nikifika tutapiga picha pale watatu. Nilimuuliza kwa nini. Alisema hakujua namna ya kuacha.

Nilifunga duka nikatembea. Nilikatiza Msimbazi bila kutazama, dereva wa bodaboda akanitukana, nikafika Mnazi Mmoja na kukaa kwenye nyasi kama wale wasio na pa kwenda. Kulikuwa na wahubiri wawili wanashindana kwa vipaza sauti. Nilikaa mpaka wote wawili wakafunga vyombo vyao wakaondoka. Nilikuwa natafuta hasira na siipati. Nilichokipata ni hesabu moja tu niliyokuwa naiona na kuiona tena: robo saa kwa miguu mpaka kituo cha afya.

Machame sikuwaambia kwa mwaka mzima. Mama yangu alipouliza lini naenda, nilisema foleni. Mwishowe mdogo wangu aliona mtandaoni picha za mke wangu na yule mtu wa Bukavu, akaja mpaka Dar kwa basi, akakaa mbele yangu dukani. "Kaka, kwa nini umekaa na jambo hili peke yako?" Nikamwagizia chai. Ndoa yetu ya kanisani tuliivunja kwa karatasi, kupitia wakili, na mimi nilisaini pale nilipoonyeshwa. Ramani niliitoa ukutani asubuhi moja wakati wa kufagia. Ilikuwa imeliwa na mende kwenye kona. Niliipeleka nje na maboksi mengine, wazoa taka wakaibeba.

Binti aliendelea kunipigia, si kila wiki. Alipofikisha miaka kumi na sita aliniambia anataka kuja. Alisema ni wazo lake mwenyewe, mama yake amekubali. Wiki tatu, mwezi wa saba, shule ikiwa imefungwa.

Nilipaka chumba rangi. Nilinunua feni mpya, kitanda, na chandarua chenye maua. Mama wa khanga, ambaye sasa miguu inamsumbua na anakuja dukani mara mbili kwa wiki tu, alinichagulia doti ya khanga ya kumpa, na alikataa katakata kupokea chochote. Nilienda uwanja wa ndege saa tatu kabla ndege haijatua. Msichana mrefu alitoka na begi la mgongoni, akasimama, akanitafuta kwa macho, na macho yake yakanipita. Yalinipita mara mbili. Ilibidi nimwite.

"Shikamoo baba," alisema, na nilisikia kwamba amefanya mazoezi.

"Marahaba mwanangu."

Alikuwa mtoto mwenye adabu. Alikula kila nilichomwekea, hata pale tumbo lilipomkataa na akalala siku mbili. Nilimpeleka Kariakoo. Mtaa wa Kongo alinishika mkono wa shati kwa nguvu, umati unatusukuma, wauzaji wanamwita "mrembo, mrembo", vipaza sauti vinapiga bei kila upande. Nilimwonyesha duka langu. Alisimama akatazama rafu za zipu mpaka juu kwenye dari.

"Ni vitu mingi," alisema. Akajisahihisha. "Vingi."

Tulikuwa tunaishiwa maneno. Kila tulipokaa, mimi nilikimbilia kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuzungumza naye, mji wake. Nilimuuliza kama kuta za mawe karibu na uwanja wa ndege bado zipo. Nilimuuliza habari ya mnada. Nilimuuliza kama msimu wa mbio huwa anaenda, na kama kofia za wanawake ni kubwa kama tulivyokuwa tunasimuliwa. Alinitazama kwa namna ya kunihurumia.

"Baba, mi sijawahi enda kule. Ni ya watu wenye pesa. Farasi tunaona tu tukipita na gari."

"Na mama yako? Si alikwenda? Alinieleza mpaka rangi za bendera."

Akafikiri. Alikuwa anatafuta maneno, akayachanganya na Kiingereza, lakini nilimwelewa vizuri.

"Mama alikuwa na kitabu. Walitupatia tulipofika, cha kukaribisha wageni, kina picha. Jumapili alikuwa anaamka mapema, anaweka kamusi hapa, anasoma ukurasa moja. Halafu anakupigia."

"Kila Jumapili?"

"Kila moja. Tulikaa karibu na barabara kubwa, baba. Kulikuwa na duka la matairi, na kituo cha mafuta. Mama alikuwa anatoka kazini, analala. Hakukuwa na kitu ya kukuambia."

Nilinyanyuka nikaenda kuwasha feni ambayo ilikuwa inazunguka tayari. Nimejaribu kukielewa kile kitabu mpaka leo. Siku nyingine nawaza: mwanamke amechoka, vidole vimechomwa na sindano za kushonea turubai, anaamka mapema na kamusi ili mume wake aliyebaki Dar apate mji mzuri wa kuja. Hakuna aliyewahi kunipenda hivyo. Siku nyingine nawaza kwamba alikuwa anasoma ili asiniambie habari zake. Ukurasa mmoja ni dakika ishirini za simu, na dakika ishirini zikipita unaweza kusema ibada inaanza. Labda yote mawili. Sijamuuliza. Ana mtoto mwingine sasa, wa kiume, na sauti ya mama yao nikiisikia kwa nyuma kwenye simu ya binti ni sauti ya mtu aliyetulia.

Wiki ya mwisho binti alikuwa anahesabu siku. Alificha, lakini nilimwona akiangalia tarehe kwenye simu. Simlaumu. Alikuwa na kitanda chake mahali, na rafiki zake, na mdogo wake, na mwanaume anayempeleka shule asubuhi. Siku ya kuondoka nilimkumbatia vizuri, uso kwa uso, na yeye akanigonga mgongoni mara tatu kama watu wanavyomgonga mtu wanayempa pole.

Aliacha khanga moja kati ya mbili. Nadhani begi lilijaa.

Kesho yake jioni ulikuja ujumbe. Nilikuwa dukani, kuna mteja anataka vifungo vya shati vyeupe vyenye matundu manne, nikamwomba anisubiri. Ujumbe ulikuwa mrefu, Kiswahili safi kabisa, hakuna kosa hata moja, hakuna "muzuri" wala "mingi". Niliusoma mara mbili ndipo nikaelewa kwamba ameandika Kiingereza na simu ndiyo imemtafsiria. Ulisema: "Mpendwa Baba, nimewasili salama. Ningependa kukushukuru kwa ukarimu wako wakati wa ziara yangu."

Mteja akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, nikamhesabia vifungo vyake. Alipoondoka nilishika simu muda mrefu. Niliandika mambo mengi na kuyafuta. Mwisho niliandika "Karibu tena," nikatuma, kwa sababu ndilo neno tunalomwambia mgeni.